Sakafu Niliyoikandika Mwenyewe

Lugano mwanangu,

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mwenye nyumba ameshakupa mama yako, na najua kesho stendi atakupa tena. Mimi sitaziongezea. Mmekwenda mjini kuchukua viatu vyako kwa fundi, mvua imewafungia huko, na nyumba iko kimya. Nimekaa barazani na lile daftari kubwa nililokuwa naandikia mahubiri. Nitaandika mpaka mtakaporudi.

Nilitaka kuyasema haya kwa mdomo. Juzi, tulipokuwa tunageuza kakao kwenye vichanja, nilianza kabisa. Nikasema, "Lugano, kuna jambo." Ukanitazama, ukasema, "Baba umechoka, kakae, nitamalizia mwenyewe." Nikaenda kukaa. Ndivyo nilivyo, utaona.

Jana kanisani walipokuombea safari, mzee mmoja alisimama akasema unatoka katika nyumba ya mtu asiyetikisika, mtu aliyekataa dawa za waganga wakati kijiji kizima kinakunywa. Watu wakaitikia amina. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Kesho unakwenda Tunduru kuanza kazi ya uuguzi, na sitaki uondoke na baba aliyesimuliwa na yule mzee. Uondoke na baba uliye naye.

Ukiwa darasa la tano uliniuliza swali. Ilikuwa wiki ya pili unakaa dawati peke yako, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa na mtoto wa mchawi. Ulirudi kutoka shule, ukaweka begi chini, ukasema, "Baba, kwa nini hukunywa tu? Si ni maji na majani?" Nilikujibu kwamba mtoto haulizi mambo ya wakubwa. Hukula siku ile. Miaka kumi na miwili imepita na hukuuliza tena. Leo nakujibu, ila jibu linaanzia kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na shangazi, dada yake baba yangu, aliyeitwa Ikupa. Wewe umelisikia jina tu. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na shangazi, aliyekuwa mjane asiye na mtoto, akanichukua. Alikuwa na nyumba ya mianzi na udongo karibu na mto, hapahapa Katumba Songwe. Alikuwa mkali. Akinichapa asubuhi kwa kuiba sukari, jioni ileile mfupa wenye nyama nyingi unakuwa kwenye sahani yangu. Yeye ndiye aliyenipeleka kanisani. Alikuwa anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, anasinzia wakati wa mahubiri, anaamka wimbo ukianza.

Nilipofika miaka ishirini na sita nilikuwa mwinjilisti wa mtaa. Nilikuwa msemaji mzuri, hilo sikatai. Neno nililopenda kulihubiri lilikuwa wateule. Niliwaambia watu kwamba Mungu alituchagua kabla hatujamjua, kwamba dunia itatuchukia na tusishangae. Akina mama walilia. Nilipenda walivyolia.

Masika ya mwaka ule watoto watatu wa ukoo wetu walikufa ndani ya miezi miwili, wote kwa homa. Mmoja alikuwa Ambokile, mtoto wa kwanza wa baba yako mkubwa Mpoki. Alikuwa na miaka sita. Mpoki aliondoka nyumbani anaendesha baiskeli, mtoto amefungwa kwa kanga mgongoni, anawahi hospitali. Alirudi anaisukuma. Ukitaka kumwelewa Mpoki, anzia hapo. Mimi sikuanzia hapo, ndiyo maana nilichelewa sana kumwelewa.

Ukoo ukakaa kikao, ikaamuliwa waitwe waganga wa kutoa uchawi, hawa ambao watu wanawaita lambalamba. Mimi mwinjilisti sikuulizwa, nami sikuuliza. Niliona nikikaa kimya nitakuwa sijashiriki.

Walikuja siku ya Alhamisi. Serikali inakataza mambo hayo, kwa hiyo yalifanyika ndani kwenye migomba, mbali na barabara. Waliingia nyumba moja baada ya nyingine. Walipoingia kwa shangazi walikaa humo muda mrefu, kisha wakatoka na pembe ya mbuzi iliyofungwa kitambaa chekundu. Wakasema wameichimbua kwenye sakafu, karibu na mafiga.

Lugano, ile sakafu niliikandika mimi. Jumamosi iliyotangulia maji ya mvua yalikuwa yameingia ndani, nikatoa kila kitu nje, kitanda, vyungu, sanduku la nguo. Nilichimbua sakafu ya zamani kiasi cha kiganja, nikaleta udongo wa kichuguu, nikaushindilia kwa miguu na kuulainisha kwa mikono yangu miwili. Hapakuwa na pembe. Tena mvua ilikuwa imenyesha siku nne, udongo ule ulikuwa bado mbichi, lakini kile kitambaa kilikuwa kikavu. Nilikiona. Mtu yeyote angekiona kama angetaka.

Mpoki akanigeukia mbele ya watu. "Wewe ndiye unayeingia humu kila siku. Hii umewahi kuiona?"

Tulikuwa watu kama arobaini. Wengine walikuwa na mapanga. Nilimtazama shangazi. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika fundo la kanga yake, ananitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuvaa ili waondoke.

Nikasema, "Sijui."

Kwa miaka mingi nilijishikilia hapo, kwamba sikusema ni yake. Lakini kila mtu pale alielewa. Kama mtoto aliyelelewa mle ndani hawezi kusema hapana, watu wengine wasubiri nini?

Walimpa mpaka saa sita mchana awe ameondoka. Alitoka na furushi moja, vijana wawili wakimfuata nyuma mpaka kivukoni, akavuka Songwe kwa mtumbwi kwenda upande wa Malawi, ambako mama yake alikuwa na ndugu. Sikumsindikiza. Alasiri wakaichoma nyumba. Jumapili nikaongoza ibada, nikahubiri juu ya wateule.

Mama yako ndiye aliyenisogeza. Tulipokuwa na miezi mitatu ya ndoa aliniuliza, "Aliyekulea yuko wapi?" Nikamweleza yote. Akasema, "Kesho twende." Kesho yake nikasema nina kazi ya palizi. Wiki iliyofuata nikasema mto umejaa. Aliacha kusema, akawa ananitazama tu nikila. Mwisho nikavuka peke yangu. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu afukuzwe.

Nilimkuta amekaa nje anapepeta mpunga. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti kumsalimia kama tunavyowasalimu wakubwa, nikashindwa kuinuka. Hakunishika. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, akauweka chini, ndipo akasema.

"Siku ile nilikuwa nakutazama wewe. Wale wengine hata sikumbuki nani alikuwepo."

"Najua, shangazi."

"Nikajiuliza, huyu mtoto amenichoka, au ameogopa?"

"Niliogopa."

"Basi." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naogopa kwamba umenichoka."

Nikamwomba msamaha, akasema ameshasamehe siku nyingi, nisimrudishe nyuma. Nikamwomba arudi, nitamjengea karibu na kwangu. Akacheka. "Nirudi kwa nani? Kwa hao uliosimama nao?" Nikamuuliza aliwezaje siku ile, peke yake mtoni na furushi. Nilidhani ataniambia aliomba sana, aliona maono, kitu ambacho mwinjilisti anaweza kukitumia. Alisema, "Nilimwambia Kyala, Mungu wangu, wewe unanijua. Sikuwa na neno lingine. Nikalisema hilohilo mpaka tukafika ng'ambo."

Nimesoma vitabu vya dini, nimekaa semina za wainjilisti, na juu ya kuchaguliwa na Mungu sijasikia kitu kinachozidi hicho. Yule mama hakuwa na mtu hata mmoja wa kusema kweli juu yake, na bado palikuwa na mmoja aliyemjua. Mimi nilikuwa na mtaa mzima wa kuniitikia amina, na yule anayejua alikuwa ananijua mimi pia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Niliporudi niliomba kuachia uinjilisti. Mchungaji aliuliza sababu, nikasema kazi za shamba ni nyingi. Unaona? Nilikuwa nimesamehewa upande ule wa mto, lakini upande huu sikumwambia mtu. Shangazi alifariki wewe ukiwa na miaka miwili. Nilikwenda kumzika, nikawaaga watu hapa kwamba nakwenda kutafuta mbegu.

Sasa tufike darasa la tano. Mwaka ule radi iliua vijana wawili shambani kwa siku moja. Watu wakasema radi ile ni ya kutumwa. Wakaitwa waganga tena, na safari hii ikaamriwa watu wazima wote wafike uwanja wa mpira, wanywe dawa na kuchanjwa. Asiyekunywa ndiye mchawi. Waimbaji wa kwaya walikuwa kwenye mstari, wazee wa kanisa wawili walikuwa kwenye mstari. Na tayari watu walikuwa wameanza kumnyooshea kidole mjane mmoja mwenye macho mekundu, kosa lake kupikia kuni mbichi.

Wewe unajua kwamba nilikataa kunywa. Lililobaki hulijui, kwa sababu watoto walizuiwa uwanjani. Nilisimama nikasema, "Ile pembe ya kwa shangazi Ikupa haikutoka kwenye sakafu. Sakafu niliikandika mwenyewe siku tano kabla. Nilijua, nikasema sijui."

Mpoki akaja mbele. "Unataka kusema nilimfukuza shangazi bure?"

"Tulimfukuza bure, kaka. Mimi na wewe."

"Na Ambokile nani alimuua?"

"Homa, kaka."

Alinirukia, wakamshika. Alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wote. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Miaka yote ile alikuwa na mtu wa kumlaumu kwa mtoto wake, nami nimemnyang'anya, na mahali pake nimempa hatia. Kila aliyekuwepo siku ile nilimpa kipande cha hatia hiyo. Usidhani walituchukia kwa sababu ya kikombe cha dawa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Ni kweli, yalikuwa maji na majani, na ningeyanywa yasingenidhuru. Lakini ningekuwa nimekubali kwamba asiyekunywa ni mchawi, na yule mjane angebaki peke yake. Nilishawahi kusimama na wanaonyoosha kidole. Sikuwa jasiri kuliko zamani. Niliporudi nyumbani nilitapika nyuma ya banda, muulize mama yako. Waganga waliondoka siku ya tatu waliposikia habari zimefika polisi. Watu wakasema ni mimi niliyepeleka. Sikuwa mimi, natamani ningekuwa.

Yaliyofuata uliyaona. Miche ya kakao iling'olewa, mlango ukapakwa kinyesi, nyumba ikanusurika kuchomwa, mama yako akifika mashine ya kukoboa wenzake wanahamisha ndoo zao. Mama yake mama yako alipofariki, mwili ulikaa ndani na hakuna aliyeleta jembe. Unakumbuka waliokuja: mchungaji, yule mjane, na Mzee Salimu wa duka la mjini na wanawe wawili, Waislamu, wakavua makoti na kuingia kaburini kuchimba. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana, Mzee Salimu. Akajibu, "Kuzika ni kuzika." Nakukumbusha hilo kwa sababu jana kuna watu wamekutisha kwamba Tunduru Wakristo ni wachache. Waliotaka kuichoma nyumba yetu, Lugano, nilikuwa naimba nao besi kwenye kwaya.

Ila kuna kosa langu la pili, na hili linaniuma zaidi, kwa sababu nililifanya nikiwa upande wa haki.

Kuchukiwa kulianza kunipendeza. Nilirudia kwenye lile neno langu la zamani, wateule. Mezani nilianza kusema "sisi" na "wao". Nilikukataza kucheza na watoto wa Mpoki, hata walipokuja wenyewe kukuita. Nikiomba, nilikuwa nawashtaki majirani kwa Mungu kwa majina. Mama yako alikuwa anafumbua macho katikati ya sala, ananitazama. Nilimwona, nikaendelea.

Mwaka uliofuata maji yalijaa mashamba yote mpaka barabarani, na mtumbwi upande huu tulikuwa nao sisi. Asubuhi moja Mpoki alifika na mke wa mtoto wake, ana uchungu wa kujifungua tangu jana yake. Alisimama kwenye maji ya magoti, amemshika yule binti kiunoni. Hakusema hodi wala habari wala ndugu yangu. Alisema, "Tuvushe."

Nami nikasema, "Leo hamwogopi kupanda mtumbwi wa mchawi?"

Yule binti alianza kulia. Hakuwa amenikosea chochote, alikuwa ameolewa pale baada ya yale ya uwanjani. Mpoki akainamisha kichwa. Niliwavusha, nikapiga pondo mpaka mikono ikachubuka, mtoto akazaliwa salama zahanati, wa kike. Nilirudi nyumbani nikitegemea mama yako atanisifu. Alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Alisema, "Sasa umefanana nao," akaingia ndani.

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Shangazi hakuwahi kumsema Mpoki vibaya, hata siku ile nilipovuka kwenda kumwona. Alifukuzwa akiwa hana chuki, mimi nikabaki nyumbani kwangu nikiwa nayo. Sikuweza tena kujidanganya ni nani kati yetu alikuwa wa Mungu bila kujitahidi kuonekana.

Nilikwenda kwa Mpoki. Sikwenda kuomba msamaha kwa niliyosema uwanjani, yale ni kweli na nitayasema tena. Nilikwenda kwa lile neno la mtumbwini. Nilimwambia yeye, kisha nikamwambia yule binti. Binti alisema yameisha. Mpoki alisema, "Nimesikia." Hakunikaribisha kiti. Nikaondoka.

Hapakuwa na siku moja ya kupatana, kama wanavyosimulia kwenye shuhuda. Mambo yalilegea polepole. Mwanamke mmoja alimsalimia mama yako kisimani. Kwenye msiba mmoja mtu alinipa jembe bila kunitazama, nikashuka kaburini nikachimba zamu yangu. Wengine mpaka leo hawali kwetu. Nimeacha kuwahesabu.

Mwaka jana, ukiwa chuoni, Mpoki alikuja hapa asubuhi, akasimama uani. Akauliza, "Shangazi alizikwa wapi?" Nikamwambia ni ng'ambo. Akasema, "Nionyeshe." Tulivuka pamoja. Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani. Mpoki alichukua panga akayakata yote, peke yake, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza alikaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha kama mtoto. Kisha akasema, "Alikuwa anampenda Ambokile." Nikasema ndiyo. Tukarudi.

Huko unakokwenda, Lugano, siwezi kujua utapimwa kwa nini. Labda hakuna atakayegusa imani yako kabisa, na neno gumu litatoka kwa mtu wa kwaya. Labda ni mgonjwa ambaye wenzako watamcheka, na wewe ndiye uliyesoma faili lake. Sema unachojua. Ukishindwa, kama nilivyoshindwa, usikae miaka kama nilivyokaa. Na ukiweza, usijipende kwa kuweza. Siahidi kwamba mimi mwenyewe nikiwekwa tena uwanjani nitasimama. Namwomba Mungu anijue siku hiyo pia.

Nasikia pikipiki, nadhani ni nyinyi. Jambo la mwisho. Mpoki ameniuliza kama anaweza kuja kesho alfajiri kukuaga. Nimemwambia aje. Najua hujamsalimia tangu darasa la tano, na sikulaumu, ulikuwa mtoto na uliumizwa. Sikuagizi umpe mkono. Nimetoa tu kiti chake, nimekiweka hapa barazani karibu na mizigo yako, na nimemwambia mama yako apike chai ya watu wanne.

Baba yako.